Si Mbuzi Waliokuondoa

Koboko, jioni ya kuamkia safari yako

Ayikoru mwanangu,

Shangazi yako wa Yei, ng’ambo ya mpaka, amekwisha kutuma ujumbe mrefu kuhusu shuka, ndoo, sabuni na dawa ya malaria, na baba yako mdogo Wani ameusoma kwa sauti kana kwamba ni tangazo la serikali. Kwa hiyo mambo hayo sitayagusa. Wao wanayajua kuliko mimi.

Umekwenda kumuaga rafiki yako Poni nyumba ya pili, na kwa sauti zinazonifikia hapa bado hamjaanza kulia, mnacheka. Mimi nimevisogeza kando vitabu vya wanafunzi, nikakaa mezani peke yangu. Nimeona niandike badala ya kusema, kwa kuwa nimeitambua kasoro yangu: ukinitazama usoni nageuka mwalimu, nikaanza kukufundisha, nawe ukaanza kunijibu kama mwanafunzi. Karatasi haina uso. Labda hapa nitaweza kuwa mzazi.

Nianze na lililo zito. Hadi kesho asubuhi gari la Wani litakapowaka, bado nina uwezo wa kuizuia safari hii ya kwenda kwa baba yako. Mjomba wako Candia aliniambia waziwazi siku ile tulipoketi uani kwake Adumi, wageni walipokuwa wakinawa mikono:

“Dada, neno iko kwako. Mbuzi iko na kamba shingoni bado. Ukisema hapana, mbuzi narudi Oraba na mkia yao.”

Neno hilo la hapana nimekaa nalo kinywani tangu siku ile. Nimelala nalo, nimefundisha nalo, nimekula nalo mbele yako. Wani anadhani tumekwisha kukubaliana, nawe pia unadhani hivyo. Hatujakubaliana. Ninaandika ili niamue, na ninataka uone nilivyofikiri hadi nikaamua, kwa sababu siku moja utakapokuwa mkubwa hutaridhika kuambiwa jibu tupu.

Jumapili ulisimama mlangoni na sufuria mkononi, ukasema, bila kupandisha sauti:

“Mama, nyinyi mmeshakula mbuzi ya watu. Mimi iko naenda tu. Mnaniuliza nini tena?”

Nilitaka kukuambia kwamba hakuna mbuzi aliyeliwa, kwamba wote wako Adumi wanatafuna mihogo ya bibi yako. Badala yake nilikurekebishia Kiswahili. Nilisema, “Sema: mmekula mbuzi wa watu.” Ukasema, “Ndiyo, Mwalimu,” ukaenda kuosha sufuria. Sijui kama ulikusudia kuniita hivyo au mazoea ya shule yalikuponyoka. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Desturi unaijua, maana umelelewa Adumi, lakini niiandike jinsi ninavyoielewa mimi. Mtoto anayezaliwa kabla upande wa baba haujaja kujitambulisha hukaa kwa wajomba na huitwa wa wajomba. Siku ukoo wa baba unapoleta mbuzi, na mjomba akawapokea, mtoto anatambuliwa kuwa wa huko, na wakimwita anaweza kwenda. Mbuzi si bei. Mbuzi ni namna ya watu wazima kusema jambo ambalo wanaona haya kulisema kwa mdomo. Hata hivyo mtoto anayeangalia uani huona mbuzi wakiingia na yeye mwenyewe akitoka, naye hufanya hesabu yake.

Wewe ulifanya hesabu yako, nami nikafanya yangu. Yako ilisema: Mama na Mjomba wamepokea, basi nimetolewa. Yangu ilisema: ukoo ule umekuja na mbuzi, ukakubandua kwangu wakati ndiyo kwanza nimekupata. Tazama vizuri, Ayikoru. Hesabu zetu zinagombana kuhusu nani mwenye makosa, lakini zinakubaliana kuhusu jambo moja: kwamba mbuzi ndio waliofanya kazi. Juu ya jambo hilohilo nadhani tumekosea sote wawili, na nitakueleza kwa njia pekee niliyofundishwa kufikiri kwayo. Nivumilie kidogo. Si somo.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Kampala nilipewa kazi ya kuchunguza mmenyuko mmoja wa kemia ambao umewadanganya wanafunzi wengi wenye macho mazuri. Unachanganya maji na asetoni, ile inayonukia katika dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Unatia asidi kidogo. Kisha unatia iodini, ile ya kahawia ambayo muuguzi hukupaka penye kidonda. Mchanganyiko unakuwa kama chai ya rangi. Unausubiri. Rangi inafifia taratibu, na mwishowe chombo kinabaki kama kimejaa maji matupu. Iodini imeingia ndani ya asetoni. Mwanzo unaonekana na mwisho unaonekana. Ubishi wote uko katikati, ambako hakuna jicho linalofika.

Kuhusu hapo katikati kuna maelezo mawili. Ya kwanza husema kwamba iodini huiendea asetoni na kuigonga, na mgongano huo ndio kazi yote. Ya pili husema kwamba asetoni hujigeuza yenyewe kwanza, polepole, ikisaidiwa na asidi, hadi inakuwa kitu kilicho tayari kupokea. Iodini ikikikuta kitu hicho hukidaka papo hapo. Mwisho wa njia zote mbili ni uleule, kwa hiyo kuuangalia mwisho hakukusaidii kuchagua. Kinachosaidia ni kasi. Unaongeza iodini maradufu na mengine yote unayaacha kama yalivyo. Kama iodini ndiyo inayogonga, kazi itaharakishwa, kwa kuwa wagongaji wameongezeka. Kama iodini inasubiri tu, umeongeza wanaosubiri mlangoni, na mlango utafunguka kwa mwendo uleule wa zamani.

Mimi niliyapenda maelezo ya kwanza. Niliyapenda kwa sababu rangi ndiyo niliyokuwa nikiiona, nami nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu kwamba msichana wa Adumi anajua kuona. Nikaongeza iodini. Kasi ikabaki ileile. Nikailaumu saa. Nikaongeza tena, ileile. Nikayalaumu maji ya bomba. Niliyatupa matokeo hayo na kuanza upya, kwa hasira ya mtu ambaye shahidi wake amemgeuka mahakamani.

Nilikuwa nikishirikiana meza na Bahati, kijana wa Aru, upande wa Kongo, ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Aliniangalia nikiitikisa ile saa.

“Dada, unagombana na saa?”

“Imeharibika.”

“Saa ya mutu haina kosa. Wewe unapenda tu ile rangi.”

“Rangi ndiyo inayoonekana, Bahati.”

“Basi sikia. Kule kwetu, kwenye stendi, vijana wanapiga kelele, ‘Twende, twende, imejaa!’ Mutu mugeni anazani wao ndiyo wanaendesha. Unaweza kuongeza wapiga kelele hata mutaa muzima. Gari haitoki mpaka dereva amalize chai yake.”

Nilicheka kwa shingo upande. Kisha nikaiacha iodini, nikaongeza asetoni, na kazi ikaenda upesi mara mbili. Nikaongeza asidi, vilevile. Maelezo yangu niliyoyapenda yalikufa mezani pale, Bahati akinunia mkate wake kwa sababu nilikuwa nimeumwagia asidi.

Niliandika ripoti kwa maneno makubwa. Niliandika kwamba nimeyathibitisha maelezo ya pili. Mhadhiri wetu, mama mmoja mkali ambaye hakupenda maneno makubwa, alikata mstari huo kwa kalamu na kuniita. “Hujathibitisha kitu,” alisema. “Umeyakanusha ya kwanza. Ya pili yamesalia, basi. Kesho anaweza kuja mtu na maelezo ya tatu yanayolingana na namba zako hizohizo, nawe utamjibu nini?” Nilitoka ofisini mwake nimevimba. Nilikuwa nimetaka kuthibitisha jambo moja kubwa maishani mwangu, nikapewa ruhusa ya kukanusha tu. Sikujua wakati ule kwamba ruhusa hiyo ingekuja kunitosha, na pia kutonitosha.

Likizo iliyopita nilikuwa nikiwaandalia wanafunzi wangu onyesho hilohilo, ukaja maabara kunisaidia kusafisha vyombo. Ulisimama ukiitazama ile kahawia inavyofifia.

“Sasa hii rangi nafanya kazi gani?”

“Inaingia ndani ya asetoni.”

“Lakini umesema haisukumi.”

“Haisukumi.”

“Kumbe rangi nangoja tu.”

Ukarudi kwenye sinki. Nilikusifu sana, nikawasimulia walimu wenzangu jinsi mwanangu wa darasa la saba alivyolitaja kwa neno moja jambo lililonitesa Kampala. Kujivuna kwangu kulinishughulisha, nami sikufikiri zaidi. Ni wiki hii tu, nikiwa na hapana yangu kinywani, nilipowaweka mbuzi mahali pa iodini na kuanza kuuliza habari za kasi.

Unaikumbuka mara ya kwanza walipokuja? Mjomba wako aliwazunguka mbuzi wale kama mnunuzi wa sokoni, kisha akasimama, mikono kiunoni.

“Ndugu yangu Wani, hii iko mbuzi ama paka ya Koboko?”

“Mkubwa, mbuzi ya Oraba nakaa mpakani. Nakula risiti na vumbi ya lori. Lazima nakonda.”

Hata bibi yako alicheka akashika nguzo. Mbuzi wakarudishwa kwa heshima, na mazungumzo yakalala msimu mzima wa mvua. Kisha wakarudi na mbuzi maradufu, wanene, mmoja na ndevu kama za askofu, na mjomba wako akaitisha maji ya kunawa.

Sasa nitazame nikikutazama. Kama mbuzi ndio waliokuvuta, ungeshtuka walipofika, ungelegea waliporudishwa, na ungekimbia walipoongezeka. Hukufanya lolote kati ya hayo. Mvua yote ile, wakati sisi watu wazima tulipodhani jambo limekufa, uliendelea. Uliomba ubadilishiwe kundi kanisani ili uimbe na wale wanaoimba Kikakwa, lugha ya kwa baba yako. Uliniuliza, huku ukichambua kunde, kama Wani ana watoto wa rika lako. Na walipokuja na wale wanene, hukuongeza mwendo hata kidogo. Siku ile ulikunja gauni moja ukaliweka sandukuni, kesho yake kitabu, keshokutwa hukuweka kitu.

Wiki hii nilimuuliza Poni, kwa ujanja ambao haukumdanganya, kama alijua wewe ulianza lini kutamani huko.

“Mwalimu, huyu nasema Kikakwa zamani. Mimi nilimfundisha pale kwa bomba. Yeye nalipa mimi na mandazi.”

“Kabla ya mbuzi kuja?”

“Mbuzi gani?” akasema. “Mbuzi ilikuwa haijazaliwa.”

Kwa hiyo wale mbuzi, mwanangu, walikuwa iodini. Walikuwa na rangi, walikuwa na kelele, ukoo mzima uliwaona. Walipofika walikukuta umekwisha kujigeuza.

Kilichobadilisha kasi ni kitu kingine, nacho nilikileta mimi. Adumi ulikuwa mtoto wa kwa Candia, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza zaidi. Kisha nikapata kazi hapa Koboko, katika shule yenye maabara ya kweli, nikakuchukua kwa bibi yako, nikajiambia ninakuleta kwangu. Sikuwaza kwamba nakuleta katika mji ambao salamu yenyewe ina swali ndani yake. Shuleni, bombani, kanisani: wewe mtoto ya nani? Ukoo gani? Uso huu iko ya huku, mbona jina iko ya Arua? Asidi hufanya kazi hivyo. Husukuma, nayo yenyewe haipungui. Mwisho wa kazi unaikuta yote chomboni. Swali lile nalo halikwishi kwa kuulizwa. Kila jioni ulirudi nalo nyumbani, ukakaa nalo mezani mbele yangu, nami nikakuuliza habari za hesabu na sayansi.

Basi hesabu yako ya Jumapili naikanusha. Hukubadilishwa na mbuzi. Nakuomba usiondoke na wazo hilo. Ni zito kulibeba na halina kweli ndani yake. Hesabu yangu nayo naikanusha, ingawa inaniuma zaidi, maana ilikuwa inanipa watu wa kuwachukia. Hawakukubandua. Wani na mizaha yake, shangazi na ndoo zake, wamesimama tu mlangoni pa jambo lililoanza ndani yako bila rangi na bila sauti.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilipata furaha ya mtihani, ile ya kuweka kalamu chini kabla ya wenzako. Ilidumu muda wa kusimama na kujimiminia maji. Kisha nikaisikia sauti ya yule mhadhiri ikiniuliza: na maelezo ya tatu?

Yapo, Ayikoru. Umejigeuza ndani kwa ndani. Hilo kasi inalikubali. Lakini kujigeuza kuelekea kwa baba yako, na kujigeuza kuniepa mimi, kwa nje ni kitu kimoja. Kikakwa cha bombani, nyimbo za kanisani, gauni moja leo na kitabu kesho: yote yanalingana na njia ya kwanza, na yote yanalingana na ya pili, bila kupungua wala kuzidi. Nimezipanga namba zangu kila namna ninayoijua. Hazichagui.

Na ninajua kwa nini hazichagui. Katika kile chombo cha iodini kuna maji, mengi mno kuliko vitu vingine vyote. Yumkini maji nayo yana mkono katika ile hatua ya polepole. Huwezi kujua kwa kupima kasi, kwa sababu maji hayabadiliki. Yamejaa kila mahali, mwanzo hadi mwisho ni yaleyale, na kitu kisichobadilika hakiachi alama katika namba. Wakemia huyaacha maji nje ya kanuni. Hawayaachi kwa kuwa hayafanyi kitu. Wanayaacha kwa kuwa hawana namna ya kuyaona.

Nadhani kutokuwepo kwangu kulikuwa maji. Ulipoanza kutambaa nilikuwa shuleni Arua, ulipoanza kusema nilikuwa naandika mitihani, ulipong’oka jino la kwanza nilikuwa Kampala na nilipelekewa habari na mtu aliyekuwa akienda kununua vipuri. Nilikuja likizo na daftari na biskuti. Likizo moja aliingia mgeni uani kwa mjomba wako, akakuuliza mimi ni nani, na ukamjibu kwa adabu uliyofundishwa na bibi yako:

“Huyu iko dada ya mjomba. Anasoma Kampala.”

Kila neno lilikuwa sahihi. Mgeni alinisalimu, nikaitikia, nikaendelea kumenya mihogo. Baadaye, usiku wa mazishi, harusi, mavuno, nimeyasikia maneno mengi makali kutoka kwa watu waliotaka kuniumiza kwa sababu nilizaa kabla ya kumaliza shule. Hakuna lililofika mahali lilipofika lile lako, ambalo halikutaka kuniumiza kabisa.

Ningependa kukuambia kwamba miaka yetu ya Koboko iliyafuta hayo. Tulikuwa wawili katika nyumba ya vyumba viwili. Nilidhani ukaribu wa vitanda ungefanya kazi yake wenyewe. Tulikula kwa utulivu, tukasoma kwa utulivu, na utulivu ule niliuandika kichwani kama dalili kwamba mambo ni mazuri. Nilikuwa na shahada mpya ukutani na mtoto mezani, na jioni nyingi nilijisikia kama mtu aliyeketi stendi na mizigo yake yote, asiyejua kama gari limekwisha kupita.

Sasa hapana yangu.

Nikiitamka kesho, mbuzi watarudi Oraba, mjomba wako atapata la kuwachekesha watu mwaka mzima, nawe utavua viatu vya safari na kuviweka chini ya kitanda. Najua utatii. Utaniambia, “Ndiyo, Mwalimu.” Nitakuwa nimeufunga mdomo wa chombo wakati kazi inaendelea ndani, na siku nitakapokifungua sitakuwa na haki ya kushangaa nitakachokikuta. Kama ulikuwa unamwendea baba yako, nitakuwa nimekunyima njia. Kama ulikuwa unaniepa, nitakuwa nimekupa sababu ambayo labda bado hukuwa nayo. Njia zote mbili zinakataa hapana. Nimezunguka nikatafuta maelezo hata mamoja yanayoitetea, na yaliyobaki ni kwamba ninaogopa nyumba hii bila wewe. Hayo si maelezo ya kutosha kumzuia mtu.

Basi sitaisema. Asubuhi nitamwambia Wani mbele yako kwamba nimekubali, kwa mdomo wangu, ili usibaki ukidhani mbuzi ndio waliozungumza. Nitapanda nanyi hadi Oraba. Pale kwenye kizuizi cha mpakani nitashuka.

Kwa mwanasayansi, namna ya kujua kazi ya maji ni kuyabadilisha: kuufanya mmenyuko uleule ndani ya kitu kingine na kuona kama kasi inabadilika. Kesho utakuwa ndani ya kitu kingine. Majaribu yangekuwa makubwa sana kwangu kukaa huku Koboko na kupima: umepiga simu mara ngapi, umemtaja nani kwanza, likizo umeomba kuja au umeletwa. Najizuia. Wewe si sampuli yangu, na kuna namba ambazo mzazi akizipata atakuwa amezipata kwa kumbana mtoto. Ukija kujua siku moja ni ipi kati ya zile njia mbili, huna deni la kuniambia. Ukipiga simu, niambie mmekula nini, na nani alichekesha watu mezani. Hayo yatanitosha kwa muda mrefu.

Limebaki jambo moja, nalo nimelichelewesha kwa sababu ni zuri, na mazuri ya wakati ule nimezoea kuyafungia.

Juzi ukipiga pasi uliniuliza, umenipa mgongo, “Yeye iko namna gani?” Nikakujibu kwamba ni mrefu. Ulingoja. Ulipiga pasi mkono mmoja wa blauzi hata ukang’aa. Hukustahili jibu lile. Baba yako ana mengi kuliko urefu, na mtu aliyemjua akiwa kijana mwenye shati moja la shule, kabla hajawa mume wa mtu na mkubwa wa ukoo, katika maisha yako ni mimi peke yangu.

Lemi alinishinda hesabu kila muhula, na nilimchukia kwa ajili hiyo kabla ya kumpenda. Alikuja Arua na wazazi wake wakiwa wakimbizi, na waliporudi kwao Yei hakuulizwa kama anataka kurudi. Akisimulia kichekesho hucheka kabla hajafika mwisho, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuusikia mwisho, na watu hucheka kwa kumwonea huruma. Hali chakula peke yake. Akipewa sahani atangoja mtu aketi naye, hata chakula kipoe. Usimwache angoje sana. Akinyamaza usidhani amekasirika. Anatafuta neno, na lugha zake ziko nyingi kiasi kwamba hulipata kwanza lile lisilofaa. Hakuwahi kunidanganya. Alipoitwa kwao aliniambia ukweli wote uliokuwepo, nao ulikuwa mfupi.

Na pale unapoogopa, Ayikoru, unapoitwa mbele ya watu au unapongoja matokeo, huwa unashika ncha ya sikio lako la kushoto na kuivuta taratibu. Bibi yako alidhani ni ugonjwa, akakutia mafuta. Si ugonjwa. Ni tabia ya baba yako. Nimekuangalia ukifanya hivyo tangu ukiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na kila mara ilikuwa kana kwamba niko naye chumbani, na sikukuambia.

Kesho mtakapofika Yei watu watakuwa wengi, watakuzunguka, watakuita kwa majina usiyoyajua. Usihangaike nao. Mtafute mtu mrefu aliyesimama nyuma ya wote, ameshika sikio. Atakuwa na hofu kuliko wewe. Anza wewe kumsalimu.

Mama yako